Zimwi la Pasaka: vyumba kumi na sita na hesabu moja

Mpwa wangu alinitumia fumbo hili kwenye simu Ijumaa moja jioni, likifuatana na maneno machache: "Shikamoo mjomba. Hili hapa, ila usibahatishe." Alijua anachofanya. Kwa miaka nimewachosha vijana wa nyumbani na msemo wangu kwamba sudoku haibahatishwi, kwamba anayeandika namba ya kujaribia kisha akafuta ni sawa na anayefungua kufuli kwa nyundo. Sasa nilikuwa naletewa kufuli.

1 . . | . . . | . . 2
. 9 . | 4 . . | . 5 .
. . 6 | . . . | 7 . .
. 5 . | 9 . 3 | . . .
. . . | . 7 . | . . .
. . . | 8 5 . | . 4 .
7 . . | . . . | 6 . .
. 3 . | . . 9 | . 8 .
. . 2 | . . . | . . 1

Fumbo lenyewe lina jina. Linaitwa Easter Monster, yaani zimwi la Pasaka. Lilitoka mwaka 2007, na mtunzi wake anajulikana kwa herufi tatu tu, JPF. Wakati ule lilihesabiwa miongoni mwa mafumbo magumu kuliko yote. Lina namba 21 zilizotolewa, na wengi wakisikia 21 hudhani ugumu unatokana na uchache. Sivyo. Yako mafumbo ya namba 17 ambayo unayamaliza kabla chai haijapoa, na 17 ndicho kiwango cha chini kabisa: Gary McGuire na wenzake kule Dublin walionyesha kwa kompyuta mwaka 2012 kwamba hakuna fumbo la namba 16 lenye jibu moja tu. Ugumu uko katika namna namba zilivyokaa, siyo katika idadi yake.

Kabla sijaendelea, tukubaliane maneno. Mstari ni wa mlalo, safu ni ya wima. Kile kiboksi cha tatu kwa tatu nitakiita nyumba, na kila nyumba ina vyumba tisa. Nyumba nazihesabu kama mtu anavyosoma: 1, 2, 3 juu, 4, 5, 6 katikati, 7, 8, 9 chini. Chumba kilicho mstari wa 2, safu ya 5, nitakiandika M2S5. Namba ambazo bado zinawezekana ndani ya chumba ni wagombea wake.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa kuandika wagombea wote kwa penseli. Chukua M2S1. Mstari wa 2 una 9, 4 na 5. Safu ya 1 ina 1 na 7. Nyumba ya 1 ina 1, 9 na 6. Wanabaki 2, 3 na 8. Nilipomaliza vyumba vyote sitini, nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona katika fumbo la gazetini: hapakuwa na chumba chenye mgombea mmoja, wala chenye wawili. Kila chumba kilikuwa na watatu au zaidi. Mbinu nyingi tunazozitegemea huanzia kwenye vyumba vya wagombea wawili. Hapa hakuna pa kushika.

Nikajaribu ile mbinu ya mistari miwili na safu mbili ambayo watu huiita X-Wing. Kama namba fulani katika safu mbili inaweza kukaa kwenye mistari miwili ile ile tu, basi mistari hiyo imeshikwa, na namba hiyo inafutwa kwingine kote katika mistari hiyo. Namba 7 ilinipa tamaa. Katika safu ya 2 ina nafasi mbili tu, M1S2 na M6S2. Katika safu ya 8 nako ina mbili, lakini ni M4S8 na M9S8. Mistari haikutani. Nilikwenda namba kwa namba hivyo hivyo na sikupata kitu.

Jumamosi asubuhi nilifanya kosa la kitoto. Nikiwa nimechoka, nilifuta 8 katika M9S2 kwa sababu macho yaliiona 8 ya M8S8 kana kwamba iko mstari ule ule. Baada ya nusu saa nilikuwa na 4 mbili katika safu moja na mambo yote yakienda vizuri mno, ambayo kwa zimwi ni dalili mbaya. Ilibidi nichukue karatasi mpya. Ninalisema hili kwa sababu anayejaribu fumbo la namna hii atatumia muda mwingi kuhakiki penseli yake kuliko kufikiri, na hakuna mbinu inayookoa orodha ya wagombea iliyoharibika.

Kilichonifungua macho hakikuwa mgombea yeyote. Kilikuwa umbo. Tazama tena nyumba nne za pembe. Katika nyumba ya 1, namba 1, 9, 6 zimeteremka kwa mshazari. Nyumba ya 9 nayo ina mshazari wake: 6, 8, 1. Nyumba ya 3 ina 2, 5, 7, na nyumba ya 7 ina 7, 3, 2. Kwa hiyo nyumba 1 na 9 tayari zina 1 na 6, wakati nyumba 3 na 7 tayari zina 2 na 7. Wanachomiliki hawa ndicho wanachokitafuta wale. Na katikati ya kila nyumba ya pembe kuna namba iliyotolewa, imezungukwa na vyumba vinne vitupu vinavyofanya msalaba: viwili vya mlalo, viwili vya wima.

Mtunzi hakuweka mambo hayo kwa bahati. Niliviandika vyumba hivyo kumi na sita peke yake, viwili viwili, nikizunguka kwa mwendo wa saa kuanzia nyumba ya 1:

M2S1: 2 3 8, M2S3: 3 7 8
M2S7: 1 3 8, M2S9: 3 6 8
M1S8: 3 6 9, M3S8: 1 3 9
M7S8: 2 3 9, M9S8: 3 7 9
M8S7: 2 4 5, M8S9: 4 5 7
M8S1: 4 5 6, M8S3: 1 4 5
M7S2: 1 4 8, M9S2: 4 6 8
M1S2: 4 7 8, M3S2: 2 4 8

Soma jozi ya kwanza na ya pili pamoja. Zote ziko mstari wa 2, na zinashirikiana 3 na 8. Jozi ya pili na ya tatu ziko nyumba ya 3, zinashirikiana 1 na 6. Ya tatu na ya nne ziko safu ya 8, kwa 3 na 9. Ya nne na ya tano, nyumba ya 9, kwa 2 na 7. Ya tano na ya sita, mstari wa 8, kwa 4 na 5. Ya sita na ya saba, nyumba ya 7, kwa 1 na 6. Ya saba na ya nane, safu ya 2, kwa 4 na 8. Na ya nane inarudi kwa ya kwanza ndani ya nyumba ya 1, kwa 2 na 7. Duara limefunga. Watatuzi wanauita mpangilio huu SK loop, kwa herufi za Steve K., ambaye aliutumia kulivunja zimwi hili hili. Mimi nitauita mzunguko.

Sasa hesabu yenyewe, na ningependa uifuate polepole, maana ndiyo kisa kizima.

Tuna viungo vinane, na kila kiungo kinabeba namba mbili. Kiungo cha mstari wa 2 kinabeba 3 na 8. Mstari mmoja hauwezi kuwa na 3 mbili wala 8 mbili, kwa hiyo kiungo hicho kinaweza kujaza vyumba viwili, hakiwezi kuzidi. Vivyo hivyo kila kiungo. Viungo vinane mara vyumba viwili ni vyumba kumi na sita. Na vyumba vyetu ni vingapi? Kumi na sita. Kila mgombea aliyeorodheshwa hapo juu ni wa kiungo kimoja au kingine, hakuna aliyebaki nje. Basi ili vyumba vyote vijazwe, kila kiungo lazima kifanye kazi yake yote. Kiungo kimoja kikitegea, chumba kimoja kitabaki kitupu.

Maana yake ni kwamba 3 na 8 za mstari wa 2 ziko ndani ya vile vyumba vinne vya pembeni, ingawa hatujui zipi ziko wapi. Kwingine kote katika mstari huo zifutwe. Na kila kiungo kinafuta vivyo hivyo mahali pake.

Hapa nilisita, na najua wengine watasita. Namba 3 inatokea katika kiungo cha mstari wa 2 na pia katika kiungo cha safu ya 8, na viungo hivyo vinapishana ndani ya nyumba ya 3. Je, nimeihesabu mara mbili? Nilikaa na swali hilo mpaka adhuhuri. Jibu ni kwamba hesabu yetu ni ya ukomo: kila kiungo hakizidi vyumba viwili. Kama 3 ya M2S7 na 3 ya M1S8 zinakatazana kwa kuwa ni za nyumba moja, hilo linapunguza njia za kujaza, haliongezi hata moja. Ukomo unabaki kumi na sita, na vyumba bado ni kumi na sita. Hali ni hiyo hiyo kwa 8 katika nyumba ya 1 na kwa 4 katika nyumba ya 7.

Mavuno yakawa wagombea kumi na watatu. Mstari wa 2: M2S5 ilipoteza 3 na 8, M2S6 ikapoteza 8. Nyumba ya 1: M1S3 ilipoteza 7, M3S1 ikapoteza 2. Nyumba ya 7: M7S3 ilipoteza 1, M9S1 ikapoteza 6. Mstari wa 8: M8S4 ilipoteza 5, M8S5 ikapoteza 4. Safu ya 2: M5S2 ilipoteza 4 na 8. Safu ya 8: M5S8 ilipoteza 3 na 9. Nyumba 3 na 9 hazikutoa kitu, maana hapakuwa na cha kufuta.

Wagombea kumi na watatu, na bado hakuna chumba kilichojazwa. Nilimpigia mpwa wangu simu kumpa habari, akacheka. "Mjomba, siku nzima na hujaandika namba hata moja?" Nikamwambia avute subira.

Kwa sababu tazama mstari wa 5. M5S2 sasa ina 1, 2, 6. M5S8 ina 1, 2, 6. Na M5S4, ambayo hatukuigusa kabisa, tangu mwanzo ilikuwa na 1, 2, 6. Vyumba vitatu, wagombea watatu wale wale: wamejifungia humo. 1, 2 na 6 zinaondoka kwingine kote katika mstari huo. M5S6 ilikuwa na 1, 2, 4, 6. Inabaki 4.

Hiyo ndiyo namba ya kwanza ya fumbo zima, na niliiandika kwa kalamu ya wino.

4 ikiwa M5S6, inatoka katika M4S5, ambayo inabaki na 1, 2, 6. Na katika safu ya 5, M2S5 na M8S5 nazo zina 1, 2, 6, baada ya mzunguko kuzisafisha. Utatu mwingine, safari hii wa wima. 1, 2 na 6 zinatoka katika vyumba vingine vya safu ya 5. Mchoro ulianza kupendeza: utatu mmoja unalala katikati ya jedwali, mwingine unasimama katikati.

Kisha mambo yakakwama tena, na hapa ndipo watu wengi huuacha mzunguko, wakiamini umekwisha kazi. Mimi nadhani nusu ya nguvu yake bado ilikuwa haijatumika.

Viungo vyote vimejaa kikamilifu. Hilo tunalijua sasa kwa hakika. Basi jiulize: zile 2 na 7 za nyumba ya 1, ngapi ziko katika jozi ya mlalo, yaani M2S1 na M2S3? Inaweza kuwa zote mbili, moja, au hakuna. Na ukishajibu swali hilo kwa nyumba ya 1, umelijibu kwa duara zima. Kama jozi ya kwanza imechukua 2 na 7 zote, haina nafasi ya 3 wala 8, kwa hiyo hizo zinaangukia jozi ya pili zote mbili, nayo inakosa nafasi ya 1 na 6, zinazokwenda jozi ya tatu, na kuendelea. Ni kama watu wanane wameketi duara, kila mmoja ana mikono miwili. Wote wanampa wa kulia kwao mikono miwili, au wote wanampa wa kushoto, au kila mmoja anatoa mkono huku na mkono huku. Hakuna namna ya nne.

Tuchukue hali ya kwanza: M2S1 ni 2, M2S3 ni 7. Jozi ya pili inakuwa 3 na 8. Ya tatu ni 1 na 6, kwa hiyo M1S8 ni 6 na M3S8 ni 1. Ya nne ni 3 na 9. Ya tano ni 2 na 7, ya sita ni 4 na 5. Ya saba ni 1 na 6, kwa hiyo M7S2 ni 1 na M9S2 ni 6. Ya nane ni 4 na 8. Sasa soma safu ya 2 kutoka juu: vyumba vilivyobaki ni M5S2 na M6S2, namba zilizobaki ni 2 na 7. M5S2 haina 7, kwa hiyo ni 2. Soma safu ya 8: vimebaki M4S8 na M5S8, zimebaki 2 na 7. M5S8 haina 7, kwa hiyo ni 2. Mstari wa 5 una 2 mbili. Hali hii imekufa.

Hali ya pili ni kinyume chake: M2S1 na M2S3 zina 3 na 8. Jozi ya pili ni 1 na 6, ya tatu 3 na 9, ya nne 2 na 7, ya tano 4 na 5, ya sita 1 na 6, ya saba 4 na 8, ya nane 2 na 7. Soma mstari wa 2: zimebaki 2 na 7 kwa M2S5 na M2S6. M2S5 haina 7, kwa hiyo ni 2. Soma mstari wa 8: zimebaki 2 na 7 kwa M8S4 na M8S5. M8S5 haina 7, kwa hiyo ni 2. Safu ya 5 ina 2 mbili. Nayo imekufa.

Nilipoona kwamba hali ya kwanza inafia kwenye utatu uliolala na ya pili inafia kwenye utatu uliosimama, niliweka penseli chini nikaenda kunywa maji. Sijui kama mtunzi alikusudia ulinganifu ule au ulimjia wenyewe.

Mpwa wangu alipofika Jumapili na kuonyeshwa, hakuangalia ulinganifu. Aliangalia neno "tuchukue". "Hapo si umebahatisha, mjomba? Umeweka 2 na 7, umeona hazikubali, umefuta." Hoja yake si ya kupuuza. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Msimamo wangu ni huu: anayebahatisha anachagua chumba chochote, anaandika, anatembea mpaka agonge ukuta au afike mwisho, na akifika mwisho anaacha hapo, akiwa hajui kama njia nyingine nayo ingefika. Mimi nilihesabu hali zote kwanza, nikathibitisha kuwa ni tatu na haziwezi kuwa nne, ndipo nikaziondoa mbili. Jibu sikuwa nalitafuta. Nilikuwa natafuta kinachobaki baada ya visivyowezekana kuondoka. Yeye anasema tofauti hiyo ni ya maneno tu. Nakubali kwamba mpaka uko karibu kuliko nilivyokuwa nikihubiri, na kwa fumbo la kiwango hiki hutaupata mlango usiopitia "tuseme ni hivi".

Inabaki hali ya tatu: kila jozi inatoa moja huku na moja huku. Sasa kila nyumba ya pembe ina njia mbili tu. Nyumba ya 1: ama M2S1 ni 2 na M1S2 ni 7, ama M2S3 ni 7 na M3S2 ni 2. Nyumba ya 3: ama M2S7 ni 1 na M1S8 ni 6, ama M2S9 ni 6 na M3S8 ni 1. Nyumba ya 9: ama M7S8 ni 2 na M8S9 ni 7, ama M8S7 ni 2 na M9S8 ni 7. Nyumba ya 7: ama M8S1 ni 6 na M7S2 ni 1, ama M8S3 ni 1 na M9S2 ni 6. Mbili mara mbili mara mbili mara mbili: njia kumi na sita kwa jumla.

Nane kati ya hizo zinaondoka kwa kuangalia 1, 2, 6 na 7 peke yake. Mfano mmoja unatosha. Weka M2S1 kuwa 2, M2S7 kuwa 1, M7S8 kuwa 2, lakini nyumba ya 7 iende njia yake ya pili, M8S3 kuwa 1 na M9S2 kuwa 6. Mstari wa 2 unabaki na 6 na 7 katikati, kwa hiyo M2S5 ni 6. Safu ya 8 inabaki na 1 na 7, kwa hiyo M5S8 ni 1. Mstari wa 8 unabaki na 2 na 6: M8S5 haiwezi kuwa 6 kwa sababu ya M2S5, basi ni 2, na M8S4 ni 6. Safu ya 2 inabaki na 1 na 2: M5S2 haiwezi kuwa 1 kwa sababu ya M5S8, basi ni 2. Utatu wa mstari wa 5 unailazimisha M5S4 kuwa 6. Lakini M8S4 ni 6, safu ile ile ya 4. Haiwezekani.

Nilijaribu na nyingine zote za aina hiyo, na kila mara ikawa hivyo: nyumba ya 3 na nyumba ya 7 lazima ziende pamoja. Ama zote zinashika njia ya kwanza niliyoiandika, ama zote zinashika ya pili. Zikitengana, 1 au 6 inajirudia mahali fulani katikati ya jedwali. Nyumba mbili zilizo pembe za mbali kabisa, hazina mstari wala safu wala ukuta wa pamoja, na bado moja ikigeuka, nyingine inageuka.

Zilizobaki nane sitazieleza moja moja. Zilinichukua karatasi mbili, minyororo mirefu ya "kama hapa ni 8, basi kule ni 3, basi pale si 9", na hakuna hata mmoja niliouona mzuri. Iliyosimama mwishoni ni ile ya njia ya kwanza katika nyumba zote nne:

1 7 4 | 3 8 5 | 9 6 2
2 9 3 | 4 6 7 | 1 5 8
5 8 6 | 1 9 2 | 7 3 4
4 5 1 | 9 2 3 | 8 7 6
9 2 8 | 6 7 4 | 3 1 5
3 6 7 | 8 5 1 | 2 4 9
7 1 9 | 5 4 8 | 6 2 3
6 3 5 | 2 1 9 | 4 8 7
8 4 2 | 7 3 6 | 5 9 1

Uhakiki mzuri wa jibu ni kuuzunguka tena mzunguko. Mstari wa 2: 3 iko M2S3, 8 iko M2S9, moja kila upande. Nyumba ya 3: 1 na 6, moja kila jozi. Safu ya 8: 3 juu, 9 chini. Nyumba ya 9: 2 na 7. Mstari wa 8: 5 kushoto, 4 kulia. Nyumba ya 7: 6 na 1. Safu ya 2: 8 juu, 4 chini. Nyumba ya 1: 7 na 2. Kila mmoja kwenye duara ametoa mkono huku na mkono huku.

Mpwa wangu amechukua zile karatasi mbili za mwisho. Anasema lazima ipo njia fupi ya kuziondoa zile nane zilizobaki, na kwamba mimi nilizipita moja moja kwa sababu nilikuwa nimechoka. La uchovu ni kweli.